Filamu ya kuba kuhusu Kimondo cha Mbozi na anga la kwetu: nianzie wapi?

VideoVwawa anauliza:

Habari za humu wakuu. Nafanya kazi ya video hapa Vwawa, mkoani Songwe: harusi, vipaimara, matangazo ya maduka, na mara mojamoja makala za wakulima wa kahawa. Walimu wa sayansi wa huku wamepata kuba ya kupulizwa, ile ya kitambaa inayosimama kwa hewa ya feni, kipenyo mita 5. Watoto wanaingia kwa zamu na kukaa mikekani. Picha inatoka kwenye projekta moja ya 1920 kwa 1080, inapiga kioo cha mbinuko kilichowekwa ukingoni, halafu inaenea kuta zote mpaka utosini.

Filamu walizonazo ni za kigeni na ni nzuri, sina la kuzikosoa. Ila nilikaa humo na watoto wa darasa la sita, nikaona Nyota ya Kaskazini imesimama juu ya nusu ya ukuta na nyota nyingine zote zinaizunguka. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona hii kwetu haipo?" Mwalimu akamjibu vizuri, lakini swali lile limenikaa kichwani. Sisi tuna Kimondo cha Mbozi hapa jirani, chuma cha takriban tani 16 kilichotoka angani, na watoto wengi wa wilaya hii wameshakigusa kwa mikono yao. Usiku wa kiangazi huku anga linajaa mpaka unashangaa. Nataka kutengeneza filamu ya dakika ishirini, kwa Kiswahili, inayoanzia kwenye kimondo na kupanda hadi kwenye nyota.

Nina kamera ya sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ya megapikseli 24, lenzi ya milimita 24-70 na ya milimita 14, droni ndogo, na kompyuta yenye kadi ya picha ya wastani. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Lenzi ninazo au natakiwa kutafuta nyingine? Fremu iwe ya ukubwa gani? Na je, kuhariri ni kulekule kwa siku zote au nijifunze upya?

NuruYaJena anajibu:

Kaka, nimesoma swali lako mara mbili kwa furaha. Mimi ni mtu wa Makambako, sasa naishi Jena, Ujerumani, kazi yangu ni kuunga na kurenda filamu za kuba, yaani kuiacha kompyuta itengeneze kila fremu ya mwisho, katika studio ndogo. Mji huu una planetariamu, jumba la kuba la kuonyeshea nyota, iliyofunguliwa 1926 na inafanya kazi hadi leo. Mashine ya kwanza ya kutupa nyota ndani ya kuba ilitengenezwa na kampuni ya Zeiss ya hapahapa, mbunifu wake akiwa mhandisi Walther Bauersfeld, ikaonyeshwa Munich mwaka 1923. Nakutajia historia hii kwa sababu inagusa swali la yule mtoto moja kwa moja. Mashine ile iliweza kuonyesha anga la latitudo ya Munich tu, nyuzi 48 kaskazini. Iliyofuata ndiyo iliyoweza kukupeleka popote duniani. Leo kompyuta inakupeleka unakotaka kwa kubadilisha namba moja, lakini watengenezaji walio wengi wako kaskazini, na anga wanaloanzia ni la nyumbani kwao.

Kwa hiyo kabla ya lenzi, amua mtazamaji wako amekaa wapi. Katika filamu ya kawaida kamera inazunguka huku na huko na mtu anafuata. Ndani ya kuba mtu *yupo mahali*. Mwili wake unajua chini ni wapi, mbele ni wapi, na juu ni wapi. Kimondo kiko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Maana yake ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota za kusini huizunguka, iko nyuzi 9 tu juu ya upeo wa macho, na Nyota ya Kaskazini iko chini ya ardhi, haionekani kamwe. Nyota zinachomoza karibu wima, zinapanda moja kwa moja na kushuka vivyo hivyo upande wa pili. Kwa mtu wa Jena zinakwenda mshazari. Nusu ya pili ya Julai, kati ya saa nne na saa tano usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kwenu kinafika nyuzi 70 juu, karibu na utosi, wakati huku kwetu kinajikokota chini kabisa upande wa kusini na taa za mji zinakimeza. Ukiweza kumweka mtoto wa Mbozi chini ya anga hilo, kwa mwendo wake halisi, umempa kitu ambacho filamu hizo nyingine hazijawahi kumpa. Mengine yote ni ufundi tu, na ufundi unafundishika.

Na jua usilisahau. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linapita utosini kwenu mchana, kati ya saa sita na nusu na saa saba, na kijiti kilichosimamishwa kinapoteza kivuli. Tukio hilo linakaa vizuri sana kwenye kuba kwa sababu utosi ndipo mahali ambapo skrini ya kawaida haifiki.

Sasa ufundi. Fremu ya kuba ni duara ndani ya mraba. Katikati ya duara ndiyo utosi, ukingo wake ndio upeo wa macho kote kukuzunguka, na umbali kutoka katikati unagawanyika sawasawa kwa nyuzi. Desturi ni kwamba chini ya duara ndiyo mbele ya watazamaji. Ukiwageuza watoto watazame kusini, basi chini ya fremu ni kusini, kushoto ni mashariki, kulia magharibi, juu kaskazini. Bandika hilo ukutani pa kazi.

Kwa projekta yako fremu ya 2048 kwa 2048 inatosha kabisa. Projekta ina pikseli milioni 2 na kidogo, na kwa kuwa inapitia kioo baadhi zinapotea nje ya kuba. Majumba makubwa yanadai 4096 au 8192. Picha asilia zipige kwa ubora wa juu uwezavyo, uziweke, ila kurenda fanya kwa 2048. Fanya hesabu: dakika 20 kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 36,000. Kompyuta ikitumia dakika 2 kwa fremu moja, hizo ni siku 50 mfululizo, usiku na mchana, na umeme usikatike. Kwa 4096 kazi inakua mara nne. Ndiyo maana nakushauri sehemu kubwa ya filamu itokane na picha halisi, na uhuishaji uuweke pale tu ambapo kamera haiwezi kufika.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni ukubwa wa vitu. Duara la pikseli 2048 limebeba nyuzi 180, kwa hiyo kila nyuzi ina pikseli 11 hivi. Mwezi halisi angani una upana wa nusu nyuzi. Ukiuonyesha kwa ukubwa wake wa kweli utapata pikseli 6, punje ya mtama juu ya ukuta. Mtoto atasema huo si mwezi. Basi mwezi unaotaka watu wauone sura, ulete karibu waziwazi: uondoke mahali pake, ukue, uwajie. Usiukuze kimyakimya ukiwa bado kati ya nyota, maana utakuwa unafundisha uongo. Maandishi nayo yawe makubwa na machache, yakae mbele, nyuzi 20 hadi 40 juu ya upeo. Chini ya hapo vichwa vya waliokaa mbele vinaziba.

Lenzi: unayohitaji ni ya jicho la samaki, milimita 8, inayoona nyuzi 180 kwa mara moja na kutoa duara zima. Sensa yako ina pikseli 4000 kwa kimo, na duara litakaribia hapo, kwa hiyo una zaidi ya unachohitaji. Azima au kodi kabla ya kununua. Lakini ile ya 14 usiidharau. Mandhari isiyotikisika unaweza kuipiga vipande vipande kwa kuzungusha kamera kwenye tripodi, ukaviunga kwa Hugin, programu ya bure, ukapata duara safi kuliko la lenzi yoyote ya jicho la samaki.

Kwa usiku, elekeza kamera juu moja kwa moja, uiache. Watu hupiga kila picha kwa sekunde 25 na kupumzisha 5. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwendo huo ukichezwa kwa fremu 30 unakupa karibu nyuzi 4 kila sekunde. Kwenye simu unapendeza. Kwenye kuba ni kasi mno, mtoto anashika mkeka. Mimi napendelea fremu moja kila sekunde 12 au 15, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya juu, lenzi wazi kabisa, halafu kelele za picha nazisafisha baadaye. Nenda usiku usio na mwezi kati ya Juni na Septemba, vaa koti zito, na ufunge kitu cha joto kwenye lenzi maana umande utaifunika ukiwa umesinzia.

Kimondo chenyewe kiendee kwa ruhusa ya wasimamizi, alfajiri au jioni, uteremke usawa wa lile shimo lililochimbwa kukizunguka. Kamera ikae karibu sana, nusu mita hivi, chini kuliko kimondo. Jicho la samaki linavuta vitu vya karibu: kile chuma cha mita tatu kitainuka upande mmoja wa kuba na kuwainamia watoto, na anga litabaki wazi upande wa pili. Usisogeze kamera. Acha kivuli na mwanga visogee. Sehemu hiyo ipe dakika nzima au zaidi, ndani ya kuba dakika moja haichoshi, watu wanageuza vichwa wanatafuta.

Halafu ingia ndani yake. Kimondo cha Mbozi ni chuma karibu asilimia 90 na nikeli asilimia 8 na kitu. Vimondo vingi vya chuma vikikatwa, kung'arishwa na kupakwa asidi huonyesha mistari inayopishana, inaitwa mistari ya Widmanstätten. Inatokea pale tu chuma kinapopoa polepole mno, kuanzia nyuzi chache za joto hadi maelfu kwa kila miaka milioni, ndani ya gimba kubwa huko angani. Hakuna karakana inayoweza kuiga kwa ukubwa huo. Hiyo ndiyo sehemu ya kutumia Blender, programu ya bure ya uhuishaji: kamera yake ya panorama ina chaguo la jicho la samaki la nyuzi 180, na mistari ile ikitanda kuba nzima itakuwa kama hekalu. Kutoka hapo kwenda kwenye nyota njia iko wazi.

Nuru uitawale. Ndani ya kuba kila ukuta unaumulika ukuta wa mbele yake. Wingu jeupe upande mmoja linafanya nyota za upande mwingine ziwe kijivu. Weka mwanga mkali mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mchana wako uwe mzito kuliko ulivyozoea. Kukata picha kwa ghafla kama kwenye video ya harusi usifanye, kila mkato ni kumhamisha mtu mahali. Fifisha polepole. Na upeo wa macho usiinamishe kabisa, watoto watatapika, nasema kweli.

Anga la kompyuta lichukue kwenye programu ya Stellarium, ni bure. Weka latitudo ya Mbozi, chagua mtazamo wa jicho la samaki, na ina hata mpangilio wa kioo cha mbinuko kama chenu. NASA nayo ilitoa mwaka 2020 ramani ya anga lote yenye nyota bilioni 1.7, unaweza kuivalisha kwenye Blender. ESO, shirika la Ulaya la kuchunguza anga la kusini, wana hazina kubwa ya picha na filamu za kuba, zinaruhusiwa kutumika ukiwataja. Ila angalia: picha zao nyingi zimepigwa Chile, Paranal na La Silla, ambako ncha ya kusini iko nyuzi 24 na zaidi juu. Zitumie kwa nebula (mawingu ya gesi na vumbi) na galaksi. Usizichukue ukaziita anga la Mbozi.

MwalimuNakuru anajibu:

Nuru amesema mengi na mazuri. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Nakuru, tuna kuba kama hiyo tunaizungusha shule za kaunti. Nitaongea juu ya sauti, kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Feni haizimwi. Ukizima, kuba inawaangukia watoto. Kwa hiyo filamu yako yote itachezwa juu ya ngurumo ya feni, na kama ni generata basi ni mbili. Muziki mzito wa chini utapotea wote, na msimulizi mwenye sauti ya kunong'ona hatasikika. Tafuta sauti iliyo wazi, sentensi fupi, na nafasi kati ya sentensi.

La pili, ndugu yangu, mimi ningekushauri usitengeneze filamu ya dakika ishirini iliyofungwa. Tengeneza vipande vinne au vitano, kila kimoja kisimame chenyewe, na kati yake mwalimu aongee. Humo ndani watoto wanauliza bila kuogopa kwa sababu giza limeficha nyuso zao. Yule wa darasa la sita aliyeuliza juu ya Nyota ya Kaskazini, filamu ingekuwa inaendelea kusimulia angenyamaza. Pia joto: watoto thelathini ndani ya kitambaa saa saba mchana, ukifika dakika ya kumi na tano wamechoka. Na kabla ya picha ya kwanza acheni giza tupu kwa dakika mbili tatu macho yazoee. Filamu nyingi zinaanza na nembo nyeupe inayowaka, zinaharibu kila kitu.

PembaKusini anajibu:

Assalamu alaykum. Mimi si mtu wa filamu. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na nyota nimefundishwa na yeye. Nimesoma hapa nikapenda, nikaona niongeze moja.

Mwanangu wa Vwawa, kwenye filamu yako kiweke Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Wazee wetu wanasema: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kinapotelea upande wa magharibi mara baada ya jua kuzama, masika ikiwa imeshika. Kinakaa hakionekani wiki kadhaa. Mwezi wa Juni kinachomoza mashariki kabla ya alfajiri na kusi imeshaanza kuvuma. Huko bara misimu yenu si sawa na yetu, lakini kundi ni hilohilo na wakulima wa kwenu nadhani nao walikitazama. Waulize wazee wa hapo kabla hujaandika. Majina watakayokupa yaandike kama watakavyoyatamka wao.

Na mwezi mwandamo, tafadhali uulaze. Kwenye vitabu vya wageni umesimama. Kwetu nyakati nyingi unalala chali, pembe zote mbili juu.

VideoVwawa:

Shikamoo mzee wa Pemba, na ahsanteni sana wote. Nimeshaandika majina ya wazee wawili wa hapa nitakaowafuata kuhusu Kilimia, na mmoja alikuwa akilima ulezi kwa kufuata nyota, kwa hiyo nina matumaini.

Mwalimu, wazo la vipande nimelichukua. Dada Nuru, nimebaki na mawili. Droni yangu ina kamera ya kawaida, naweza kuitumia kupaa kutoka kwenye kimondo? Na vipande vikiwa bila msimulizi wa kuviunganisha, nitajuaje urefu wa kila kimoja?

NuruYaJena:

Shikamoo baba wa Pemba. Alilosema kuhusu mwandamo ni kweli na Stellarium itakuonyesha hivyohivyo ukiweka latitudo sawasawa.

Kaka, kamera ya droni ya kawaida inaona sehemu ndogo ya kuba, utabaki na dirisha linaloelea gizani. Linaweza kufaa kwa sekunde chache, kwa mfano kuonyesha mashamba yanayozunguka. Kupaa kwa kweli kunahitaji kamera ya nyuzi 360. Zile za 5.7K zinatoa picha ya pikseli 5760 kwa 2880, maana yake nusu tufe inapata 2880, inatosha kwa 2048 zako. Mchana tu lakini, usiku sensa zake ni ndogo mno. Paa wima, taratibu kuliko unavyodhani, bila kugeuka. Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kishughulikie mapema, na ruhusa ya wasimamizi wa kimondo iseme wazi kwamba kuna droni.

Kuhusu urefu, namuunga mkono mwalimu, japo kazini kwetu tunafanya kinyume. Kimondo dakika 3, ndani ya chuma dakika 2, usiku mzima wa Julai dakika 4, Kilimia na masika dakika 3, jua la utosini dakika 2. Kila kipande kiishie kwenye picha tulivu inayoweza kubaki ukutani muda wowote mwalimu akiongea. Picha hiyo ya mwisho irendwe kama fremu moja tu, irudiwe, umeokoa saa nyingi za kompyuta.

Anza na majaribio ya sekunde 30, usiku wowote safi, hata uani kwako. Andika K, S, Mash na Magh kwenye ukingo wa duara, uyacheze ndani ya kuba na dira mkononi. Picha usiipinde mwenyewe ili ifuate kioo, programu ya kuchezea ndiyo inayopinda, kwa hiyo waulize walimu wanatumia ipi na inapokea faili la aina gani. Ukishapata, weka fremu moja hapa tuitazame.